Kingamwili Haisomi Lebo

“Mwalimu, umetoka!”

Alikuwa mwanafunzi wangu wa uzamili, saa mbili asubuhi, hajatua hata mkoba, ananionyesha simu yenye picha ya utando. Mstari mmoja mweusi, mnene, umekaa palepale alipouombea ukae: kilodaltoni 25. Alikuwa akitafuta protini iitwayo GDF11 katika seramu ya wazee. Kichupa cha kingamwili alikingoja miezi mitatu; kikakwama forodhani siku sita, kikafika barafu kavu imekwisha na boksi lina joto la mkono. Kwa hiyo furaha yake niliielewa. Nikampongeza, kisha nikamuuliza: mstari wa nani?

Akacheka. Alidhani natania.

Makala haya ni yake na ya wenzake, nyinyi mlioketi mbele ya katalogi yenye kingamwili arobaini za protini moja, kila moja ikijinadi kuliko jirani yake, na fedha ya mradi inatosha kununua moja tu. Kichupa cha mikrogramu 100 mara nyingi huuzwa dola 300 hadi 500, bila nauli wala ushuru. Mkikosea, hamtapoteza hizo dola tu. Mtapoteza na miezi, na sampuli za watu waliowapa damu yao kwa hiari.

Tuanze na kinachosahaulika kwa kuwa kila mtu anadhani anakijua. Kingamwili haitambui jina la protini. Inakamata umbo dogo, pengine kipande cha asidi amino chache tu, na chochote kinachobeba umbo hilo kitakamatwa. Lebo ya kichupa inakueleza mtengenezaji alikusudia nini alipomchanja sungura au mbuzi wake. Sungura hakuisoma.

Kwa protini zinazotoka nje ya seli kupeleka ujumbe, taabu huwa mbili. Kwanza, zina ukoo. Ukoo wa TGF-beta pekee una jamaa zaidi ya 30 katika mwili wa binadamu, na wengine wanafanana kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo: unamwita huyu, anaitika yule. Pili, ni chache mno. Mililita moja ya seramu ina miligramu 60 hadi 80 za protini, nyingi zikiwa albumini na imunoglobulini. Ndani ya mililita hiyohiyo, interleukini-6 ya mtu mzima wa afya ni pikogramu chache. Ukipiga hesabu kwa uzito, unatafuta sehemu moja kati ya zaidi ya bilioni kumi, na watu wa dunia nzima hawajafika idadi hiyo. Kingamwili inayokosea mara moja tu katika milioni, kwenye kazi ya namna hii, inakosea sana.

Sasa kisa cha GDF11 yenyewe, ambacho kila anayeagiza kingamwili angepaswa kusimuliwa kabla hajajaza fomu. Mwaka 2013, kundi la Richard Lee na Amy Wagers wa Harvard lilichapisha katika jarida la Cell kazi iliyotikisa watu. Walikuwa wameunganisha mzunguko wa damu wa panya mzee na wa panya kijana, na moyo wa mzee, uliokuwa umenenepa kuta, ukapungua. Katika damu walimtafuta mhusika, wakamkuta GDF11: yuko juu ujanani, anashuka uzeeni. Mwaka uliofuata zikaja makala katika Science kuhusu misuli na ubongo. Magazeti yakaanza kuandika juu ya damu ya ujana.

Mwaka 2015, watafiti wa Novartis wakiongozwa na David Glass wakauliza swali lilelile nililomuuliza mwanafunzi wangu. GDF11 ana ndugu aitwaye miostatini, ambaye Alexandra McPherron na Se-Jin Lee wa Johns Hopkins walimtangaza mwaka 1997. Ndiye breki ya misuli, na ng'ombe aina ya Belgian Blue wanafutuka vile kwa sababu jeni lake limeharibika. Sehemu iliyokomaa ya kila mmoja ina asidi amino 109, na tofauti kati yao ni 11 tu. Kina Glass wakavichukua vitendanishi vya kazi ya kwanza wakavijaribu kwa ndugu wote wawili. Vilimkamata GDF11, vikamkamata na miostatini. Walipotumia kipimo walichokiona kinabagua vizuri zaidi, GDF11 hakuonekana kushuka na umri, alielekea kupanda.

Mngedhani kesi imekwisha. Kabla mwaka haujaisha, watu wa Harvard wakajibu kwamba mstari wa kilodaltoni 25 uliopanda na umri katika kazi ya Novartis haukuwa GDF11 wala miostatini. Ulikuwa mnyororo mwepesi wa imunoglobulini, yaani kingamwili za damu yenyewe, ambazo huongezeka kadiri mnyama anavyozeeka. Mwaka 2016 kundi la Mayo Clinic likaziacha kingamwili kando, likapima kwa spektrometa ya tungamo, ambayo inazitofautisha hizo asidi amino 11. Kwa binadamu, GDF11 hakushuka na umri. Mnaona wenyewe: mabingwa, maabara zenye kila kitu, majarida makubwa, na miaka mitatu wanabishana mstari ni wa nani.

Nikarudi kwa kijana wangu. “Sampuli ulitia beta-mekaptoetanoli?”

“Nilitia, mwalimu. Na nikachemsha dakika tano.”

“GDF11 iliyokomaa ni pacha: vipande viwili vya kilodaltoni 12.5 vilivyoshikamana kwa daraja la salfa. Ukiitia dawa hiyo, daraja linabaki?”

Akanyamaza. Halibaki. Kwenye jeli yake protini aliyoitafuta ilipaswa kukaa kwenye 12 na nusu, na huko kulikuwa kweupe. Dawa ileile iliyovunja pacha huvunja pia imunoglobulini, na mnyororo wake mwepesi hutua kwenye 25. Siku iliyofuata akarudia bila kingamwili ya kwanza kabisa, akatia ile ya pili tu, yenye kimeng'enya. Mstari ukatoka vilevile. Kingamwili yake ya pili, iliyotengenezwa kukamata ya sungura, ilikuwa inawakamata binadamu pia.

Jaribio hilo la kuiacha kingamwili ya kwanza haligharimu hata shilingi moja, na bado ndilo linalorukwa kuliko mengine. Kwetu lina uzito wa ziada. Mtu aliyeugua malaria mara nyingi huwa na imunoglobulini nyingi kuliko mtu wa Stockholm au Boston ambaye damu yake ilitumika kukipanga kipimo. Ukifanya kazi na seramu ya Kilifi, Ifakara au Kisumu, usikubali kuambiwa kwamba kampuni ilishajaribu. Haikujaribu kwa damu yako. Nunua kingamwili ya pili iliyochujwa ili isishike imunoglobulini za binadamu; katalogi huwa inaliandika hilo wazi.

Sasa ununuzi wenyewe. Watu wengi huanza na bei, kisha nyota za wateja, kisha picha nzuri. Mimi huanza na swali moja: mnyama alichanjwa na nini? Kama ni kipande kifupi cha protini, nenda kakilinganishe na jamaa zake wa ukoo. Hifadhidata ya UniProt ni bure na kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Kipande kikiwa kimechukuliwa pale ndugu wanapofanana, achana nacho hata kikiuzwa nusu bei. Kama mtengenezaji hataki kusema alichanja nini, akidai ni siri ya biashara, basi na fedha yangu nayo ina siri zake.

Angalia pia kama kipande kimetoka sehemu itakayokuwapo. Protini nyingi za ukoo huu hutengenezwa ndefu, kisha hukatwa, na sehemu iliyokomaa ndiyo inayofanya kazi. Kingamwili iliyotengenezwa kwa sehemu ya mbele haitaiona iliyokomaa hata ukiimwagia utando chupa nzima. Na kuna jambo gumu zaidi: miostatini iliyokomaa ni ileile kwa binadamu, panya, nguruwe na kuku. Mnyama mwenye protini hiyohiyo mwilini mwake huiona kama mali yake mwenyewe, na kinga yake haioni sababu ya kupigana nayo. Ndiyo maana kingamwili nzuri za protini zisizobadilika ni adimu, na ndiyo maana nyingi za bei rahisi hazina maana.

Kuhusu aina: ya polikloni ni mchanganyiko kutoka damu ya mnyama, na mnyama akifa mchanganyiko ule hautarudi tena. Ya monokloni hutoka kwenye ukoo mmoja wa seli, kwa njia ambayo Georges Köhler na César Milstein waliitangaza Cambridge mwaka 1975 na kuipatia tuzo ya Nobel mwaka 1984. Ya rekombinanti hutengenezwa kutoka kwenye mfuatano wa jeni unaojulikana, kwa hiyo bechi ya leo na ya miaka mitano ijayo zinapaswa kuwa kitu kimoja. Fedha ikiruhusu, chukua rekombinanti. Si imani tu: mradi uitwao YCharOS, wenye makao Montreal, ulijaribu kingamwili 614 za protini 65, ukilinganisha seli za kawaida na seli zilizoondolewa jeni husika, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Rekombinanti zilifanya vizuri kuliko nyingine. Pia walikuta kwamba, kwa wastani, kila protini ilikuwa na makala kama 12 zilizochapishwa kwa kutumia kingamwili isiyoikamata protini yenyewe. Ripoti zao ni bure. Zitazame kabla ya kuagiza. Huenda jirani amekwisha kukulipia karo.

Usiutegemee msemo wa “imetumika katika makala 40.” Makala 40 huweza kuwa watu 40 waliofuatana njiani bila mmoja wao kuuliza inakoelekea.

Kichupa kikifika, kijaribu kabla hujagusa sampuli hata moja. Nunua, au omba kwa maabara rafiki, kiasi kidogo cha protini safi ya kutengenezwa: ya lengo lako, na ya ndugu yake wa karibu. Tandaza nanogramu 5, 10 na 20 za kila mmoja kwenye jeli moja. Kama kingamwili inamwona ndugu sawasawa na mwenyewe, umeokoa mwaka mzima kwa mchana mmoja. Kuwa mwangalifu tu: baadhi ya protini safi huuzwa zikiwa zimechanganywa na albumini ya ng'ombe ili zisipotee kwenye kuta za kichupa, na hiyo itakutolea mstari mkubwa karibu na 66. Nimemwona mtu akiufanyia sherehe.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni seli zisizo na jeni hilo. Mstari ukitokea kwenye seli za kawaida ukatoweka kwenye zile, mjadala umekwisha. Ukikosa seli hizo, punguza jeni kwa RNA fupi, au fanya kinyume chake: ingiza jeni kwenye seli zisizolitoa kabisa. Mwaka 2016, kundi lililoongozwa na Mathias Uhlén wa Uswidi lilipendekeza katika Nature Methods njia tano za kuhakiki kingamwili, na kuondoa au kupunguza jeni ni mojawapo. Hazihitajiki zote. Mbili zinazokubaliana zinanitosha.

Protini inayotoka nje ya seli ina vituko vyake ambavyo maelekezo ya kawaida hayavisemi. Ukiponda seli na kuitafuta ndani, utaikuta kidogo au usiikute, kwa kuwa imeshaondoka. Itafute kwenye maji uliyokuzia seli. Lakini maji hayo yana seramu ya ndama, na ndama naye ana miostatini na TGF-beta zake. Kwa TGF-beta1 iliyokomaa hakuna ujanja wa kubagua, maana ya ng'ombe na ya binadamu ni moja. Ziweke seli kwenye maji yasiyo na seramu saa 24 kabla ya kukusanya, mradi seli zako zinavumilia. Daima beba sampuli ya maji yaliyokaa kwenye sahani bila seli; mstari ukionekana humo, ujue ni wa ndama. Ukitaka kuthibitisha kwamba seli ndizo zinazotoa, tia brefeldini A kwa saa chache: mlango wa kutokea hufungwa, protini hupungua nje na kurundikana ndani.

Usitumie aktini kusawazisha sampuli za maji hayo. Aktini ni ya ndani. Ukiiona nje, maana yake seli zako zimekufa na kupasuka. Paka utando rangi ya Ponceau na upime protini yote kwa jumla. Na protini ikitua juu kuliko uzito wa kwenye hesabu, usiitupe haraka. Protini nyingi zinazotoka nje huvishwa sukari, na sukari huziongezea uzito. Vua sukari kwa kimeng'enya cha PNGase F uone kama mstari unashuka. Ukishuka, umepata hoja.

Wanaotumia ELISA hujiona salama zaidi, kwa kuwa namba inatoka kwenye mashine bila mistari ya kubishania. Hapo ndipo hatari ilipo: namba haikuonyeshi uzito wa ulichokikamata. Ioannis Prassas na Eleftherios Diamandis wa Toronto walitumia miaka miwili na takriban dola 500,000 kufuatilia protini ya CUZD1 kama dalili ya saratani ya kongosho. Mwishowe waligundua kwamba seti ya ELISA waliyonunua ilikuwa inakamata CA125, protini nyingine kabisa, inayojulikana kwa saratani ya ovari. Walilieleza kosa hilo hadharani mwaka 2014, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa makala zao nyingine zote.

Kwa hiyo, kabla ya sampuli 200, chukua tatu. Zizimue mara mbili, mara nne, mara nane. Ukizidisha kurudi nyuma, jibu linapaswa kubaki lilelile. Likibadilika, kuna kitu ndani ya seramu kinaingilia. Kisha ongeza kiasi unachokijua cha protini safi uone kama kipimo kinakirudisha; kati ya asilimia 80 na 120 ndiyo desturi. Baadhi ya watu wana kingamwili zao zinazoshika za wanyama na kuunganisha pande mbili za kipimo bila protini yoyote katikati, na sahani ikang'aa kama sikukuu. Kutia imunoglobulini ya kawaida ya mnyama yuleyule kwenye maji ya kuzimulia hupunguza balaa hilo.

Na uamue mapema: seramu au plazima? Damu inapoganda, chembe sahani hufungua mifuko yao na kumwaga TGF-beta1 na VEGF. Ukipima kwenye seramu unapima pia namna damu ilivyoganda, na ilikaa mezani muda gani wakati nesi amekwenda kunywa chai. TGF-beta1 tena huja imefunikwa na kipande chake cha mbele, na seti nyingi zinataka uitie asidi kwanza ndipo ionekane. Anayeruka hatua hiyo hupata sifuri safi, akaandika kwamba wagonjwa wake hawana protini hiyo.

Kuhusu utunzaji nitasema kwa kifupi, ingawa vichupa vingi hufia hapa. Ukiweza kuchagua, agiza iliyokaushwa kuwa unga. Inastahimili safari na forodha. Ikifika, igawe siku hiyohiyo kwenye vichupa vidogo vya mikrolita 10 hadi 20, usiigandishe na kuiyeyusha kila wiki. Yenye gliseroli nusu kwa nusu haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na umeme ukikatika haishtuki. Yenye kimeng'enya kiitwacho HRP ikae kwenye friji, isigandishwe, wala isikutane na azidi ya sodiamu, kwa kuwa azidi hukizima kimeng'enya. Zile friza za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zenyewe ni nzuri kwa samaki. Kila zikijiyeyusha, kingamwili yako inapanda joto na kushuka bila wewe kujua.

Ukifika kuandika, taja mtengenezaji, namba ya katalogi, jina la kloni, namba ya bechi, kipimo cha kuzimua, na utambulisho wa RRID ambao unaupata bure kwenye hifadhidata ya kingamwili. Mhakiki akikuomba utando mzima badala ya kipande ulichokikata, mpe bila kununa. Na kama kingamwili ilishindwa, liandike hilo pia mahali fulani, walau kwenye viambatisho. Mtu wa Entebbe au Moshi anayetaka kuinunua kesho atakushukuru.

Mwanafunzi wangu alipata kingamwili nyingine, rekombinanti, iliyompita miostatini bila kumtazama. Mstari wake kwenye 12 na nusu ni mwembamba mno, unataka kuukodolea macho. Wiki iliyopita akaja kusema bechi imekwisha, anaagiza mpya. Nikamwambia asimalize kichupa cha mwisho cha zamani. Akibakize mikrolita tano, ili siku bechi mpya ikifika aziendeshe zote mbili kwenye jeli moja, ubavu kwa ubavu.

“Tano tu, mwalimu?”

“Tano zinatosha. Ziandike tarehe.”